Betri Mpya, Tatizo Lilelile: Volti Hupimwa Wapi na Wakati Gani

Mtu akifika gereji na kuniambia kwamba betri yake imekufa, swali langu la kwanza huwa ni nani aliyeipima. Mara nyingi hakuna aliyeipima: gari lilikataa kuwaka alfajiri, vijana wakalisukuma, na hukumu ikatolewa hapohapo barabarani. Kwa kuwa kazi yangu hapa Tanga ni umeme wa magari, ningependa kueleza kile ambacho multimita, yaani mita ya kupimia umeme, ya bei ndogo inaweza kukuambia kabla hujatoa fedha mfukoni.

Jina la "betri ya volti 12" limewapotosha wengi. Ndani yake mna seli sita, kila moja ikitoa takribani volti 2.1, kwa hiyo betri iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 au zaidi kidogo, inayosoma 12.2 imebaki na nusu ya chaji, na ile ya 12.0 kamili, ambayo mwenyewe huifurahia, inakaribia kuisha. Ikikwama kwenye 10.5 hata baada ya kuchajiwa, seli moja imekufa na huna la kuhangaika nalo tena. Kipimo hiki kichukuliwe gari likiwa limelala usiku kucha, kwa maana mara tu injini inapozimwa huwa imebaki chaji ya juujuu kwenye mabamba ya ndani ya betri, nayo itakuonesha 13 za uongo. Asiye na muda wa kusubiri awashe taa kubwa kwa dakika mbili, azizime, kisha apime.

Baada ya hapo mtu apige stata huku wewe ukitazama mita. Volti zikibaki juu ya 9.6, betri ina nguvu ya kutosha; zikiporomoka hadi 7 ilhali zilianzia 12.6, betri imechoka ndani. Zikiganda kwenye 12 na stata ikalia "tak" tu, usiilaumu betri, fuata waya au stata yenyewe.

Injini ikishawaka, betri inapaswa kusoma kati ya 13.8 na 14.7. Zikiwa chini ya 13 na zinaendelea kushuka, alteneta, ile mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri, haichaji au mkanda wake unateleza. Zikivuka 15, regyuleta, yaani kidhibiti cha volti za alteneta, imeharibika, na haitachukua muda utasikia harufu ya mayai viza chini ya boneti. Magari ya karibuni, ambayo chaji yake huongozwa na kompyuta, hushusha volti makusudi betri inapojaa, kwa hiyo washa taa na feni kabla ya kuituhumu alteneta. Na ule mtindo wa kung'oa kichwa cha betri injini ikinguruma, ili kuona kama gari litazima, uachwe kabisa: volti huruka ghafla na zinaweza kuunguza kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, ambayo bei yake ni kubwa kuliko ya betri yenyewe.

Mzee mmoja anayebeba machungwa kutoka Muheza aliniletea gari lililokuwa limemaliza betri mbili ndani ya mwaka mmoja. "Kijana, alteneta usiiguse, imeshapimwa, ni nzima," alinionya kabla sijafungua boneti. "Sawa mzee, siigusi, naipima tu," nikamjibu. Na kweli, kwenye alteneta nilisoma 14.3, lakini kwenye betri 13.1. Volti 1.2 zilikuwa zikipotea njiani. Nikawasha taa zote, kwa sababu waya mbovu hauoneshi ubovu wake mpaka umeme mwingi upite ndani yake, kisha nikaweka ncha moja ya mita kwenye chanya ya alteneta na nyingine kwenye chanya ya betri: 0.1, hakuna neno. Nikahamia upande wa hasi, kutoka ganda la alteneta hadi kichwa cha hasi cha betri: 1.1. Upande huo haupaswi kuzidi 0.2. Waya wa eathi, yaani ule wa upande wa hasi, ulionekana mzima kwa nje, ila nilipoukunja karibu na boliti, plastiki ilipasuka na ndani shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Ni chumvi ya upepo wa bahari, ambayo huingia taratibu na hutambaa ndani ya waya bila kuonekana.

Kwa chaji ya 13.1, betri haikuwa ikijaa hata siku moja, na betri inayoishi nusu tupu huota salfeti ya risasi kwenye mabamba hadi ikakosa pa kuhifadhia umeme. Tulifunga waya mpya, tukasugua boliti hadi ikang'aa, na betri ikasoma 14.1 taa zote zikiwa zimewaka.

Mzee alikuwa bado ameitunza ile betri ya kwanza nyumbani, akaileta kwa matumaini. Niliichaji polepole usiku kucha, nikaiacha ipumzike hadi jioni, nayo ikasoma 12.5, akatabasamu. Tuliifunga kwenye gari, akapiga stata mwenyewe, na mita ikaanguka hadi 6.8.