Wasifu wa picha: maisha ya mwanasayansi ndani ya kipindi cha sayansi

Wasifu wa picha ni kitabu chembamba, mara nyingi cha kurasa 32, kinachosimulia maisha ya mtu halisi kwa michoro na maneno machache. Michoro hiyo si pambo, kwani inabeba nusu ya habari. Mtu anayesimuliwa akiwa mwanasayansi, na mwalimu wa shule ya msingi akakifungua kitabu hicho katika kipindi cha sayansi badala ya kipindi cha kusoma, basi kinakuwa kifaa cha kufundishia sawa na lenzi au kipimajoto.

Kitabu cha namna hii hakimfuati mtu tangu kuzaliwa hadi kufariki kama wasifu wa watu wazima ufanyavyo. Kinachukua swali moja lililomsumbua mtu huyo, kisha kinaonyesha alivyolihangaikia. Wala si hadithi ya kubuni, kwa sababu yaliyomo yanatakiwa yawe yametokea kweli.

Kwa nini mwalimu wa sayansi ajishughulishe nacho? Kitabu cha kiada humpa mtoto jibu lililokwisha kupikwa: sokwe hutumia zana. Mtoto anaukariri mstari huo, anaujibu kwenye mtihani, basi. Hajui nani aliona, aliona wapi, alingoja muda gani. Kwangu mimi hicho kinachokosekana ndicho sayansi yenyewe, na wasifu wa picha unakirudisha.

Tumchukue Jane Goodall, mwanasayansi Mwingereza aliyechunguza sokwe wa Tanzania, ambaye maisha yake yameandikiwa watoto mara nyingi. Alipokuwa na umri wa miaka minne hivi, huko Uingereza, alipelekwa shambani akapewa kazi ya kuokota mayai. Akajiuliza: kwa kuku, tundu la kutokea yai kubwa hivi liko wapi? Aliwauliza wakubwa, hakuridhika na majibu. Akamfuata kuku bandani, kuku akashtuka, akatoka mbio. Jane hakumkimbiza tena. Alitafuta banda lisilo na kuku, akajificha ndani ya nyasi kavu, akatulia kwa saa kadhaa mpaka kuku akaingia, akajiinua kidogo, na yai likadondoka mbele ya macho yake. Nyumbani walikuwa wanamtafuta kila mahali. Mama yake alipomwona anakuja mbio, nywele zimejaa nyasi, hakumgombeza. Alikaa akamsikiliza.

Mwalimu asiusome mkasa huu kwa pumzi moja. Afike pale kuku anapokimbia, afunge kitabu, aulize: "Sasa Jane afanye nini?" Watoto wanaofuga kuku nyumbani hawatakosa la kusema. Mmoja atasema amwekee mtama, mwingine amfunge kamba mguuni, mwingine achungulie kwenye ufa. Aandike yote ubaoni, kisha aulize ni njia ipi itakayomwezesha kuona bila kumsumbua kuku. Hapo darasa limeshaanza kupanga uchunguzi, bila mtu kutaja neno "mbinu za kisayansi".

Ndipo afungue ukurasa wa Gombe, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, Julai 1960. Jane sasa ana miaka 26, hana shahada ya chuo kikuu, na kwa miezi ya mwanzo sokwe wanamkimbia kama yule kuku. Anarudia kilekile alichojifunza bandani: anakaa mbali, anatulia, anarudi kesho. Novemba mwaka huo akamwona sokwe dume aliyempa jina la David Greybeard akichomeka bua la nyasi kwenye kichuguu, akilitoa likiwa limejaa mchwa, na kuwala. Wakati huo wataalamu waliamini kwamba kutengeneza zana ni kazi ya binadamu peke yake. Baadaye Jane mwenyewe alichukua bua akalichomeka, aone kama mchwa wataling'ata. Wakaling'ata. Ukimaliza ukurasa huo, toka nje na watoto. Kila mmoja atafute msafara wa siafu au sisimizi, autazame dakika kumi bila kuugusa, aandike alichoona na si anachodhani.

Faida nyingine inahusu nani anaruhusiwa kujiona mwanasayansi. Mwaka 1983 David Chambers alichapisha utafiti ambamo watoto 4,807 waliombwa wachore mwanasayansi. Waliochora mwanamke walikuwa 28 tu, na wote 28 walikuwa wasichana. Zoezi hilo ni rahisi, karatasi na penseli tu: wachoreshe watoto wako kabla ya kuanza vitabu hivi, kisha tena mwisho wa muhula, uzilinganishe picha.

Si kila kitabu kinafaa, na hapa sitaki kulainisha maneno. Vingine vinatunga mazungumzo ambayo hakuna aliyeyasikia. Vingine vinamdondoshea Newton tunda kichwani, ilhali yeye alisimulia tu kwamba aliliona likianguka. Vibaya zaidi ni vile vinavyomfanya mwanasayansi kuwa shujaa anayefanya kila kitu peke yake. Ukipata kitabu kuhusu Gombe, angalia kama Hilali Matama na Watanzania wenzake, waliowafuata sokwe hao msituni mwaka baada ya mwaka na kuandika taarifa zao, wamepewa hata ukurasa mmoja. Kama hawamo, wataje wewe. Soma pia maelezo ya mwandishi nyuma ya kitabu. Mwandishi mwaminifu huonyesha hapo kipi amekithibitisha na kipi amekibuni.

Vitabu vingi vya aina hii viko kwa Kiingereza, na darasa lenye watoto sitini haliwezi kuona picha moja iliyoshikwa mbele. Simulia kwa Kiswahili huku ukipita kati ya madawati. Usipokuwa na kitabu kabisa, watoto wanaweza kukitengeneza wenyewe, na ningeanza na Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, aliweka maziwa ya moto ya aiskrimu kwenye friji bila kungoja yapoe, kwa kuwa nafasi ilikuwa inajaa. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza kwa nini, mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Miaka ikapita, akamuuliza swali hilohilo Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam, mbele ya wanafunzi waliomcheka. Osborne akaagiza lijaribiwe, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Hadi leo wanasayansi wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli, na lini.

Mpe kila mtoto ukurasa mmoja: mmoja achore friji inayojaa, mwingine darasa linalocheka, mwingine vikombe viwili vya maji, cha moto na cha baridi. Mwenye vikombe aandike chini yake kipi anadhani kitaganda kwanza, na kwa nini. Kama dukani jirani kuna friza, pelekeni vikombe hivyo mkaangalie.