Filamu huhesabiwa kwa siku: dhana potofu kuhusu mwigizaji wa filamu nyingi

Stelingi hafi. Mtoto yeyote aliyekulia karibu na vibanda vya video vya Nairobi, iwe Kawangware au Kayole, anaijua kanuni hiyo. Wengi hukua nayo wakiamini kwamba uigizaji wa filamu ni kazi ya yule mmoja asiyekufa. Waliobaki ni "yule adui", "yule mzee", "yule daktari". Lakini ukitafuta walioigiza filamu nyingi kupita kiasi, utakuta wengi wao ni hao hao wasiokumbukwa majina.

"Mwenye filamu mamia ndiye maarufu na ndiye tajiri"

Eric Roberts wa Marekani ana kazi zaidi ya 700 zilizoorodheshwa kwa jina lake. Aliwahi kuteuliwa kuwania Oscar kwa filamu ya mwaka 1985, *Runaway Train*, lakini ukiuliza mtaani watu watakutajia dada yake, Julia. Brahmanandam, mchekeshaji wa filamu za Kitelugu kule India, alikuwa mhadhiri wa lugha kabla ya kugeukia filamu, na idadi yake inazidi 1,000. Stelingi hawezi kufika huko, na sababu ni hesabu nyepesi.

Ukurasa mmoja wa muswada ni kama dakika moja ya filamu. Chukua muswada wa kurasa 90. Kundi lenye bajeti ndogo likijitahidi hupiga kurasa 6 hadi 8 kwa siku, kwa hiyo filamu nzima ni siku 12 hadi 15. Stelingi yuko karibu kila ukurasa, basi anahitajika siku zote hizo, pamoja na mazoezi kabla yake. Daktari ana matukio matatu tu: mwanzoni, katikati na karibu na mwisho. Yote yako ndani ya chumba kile kile cha kliniki, na chumba kimekodiwa kwa siku moja, kwa hiyo matukio yake yote matatu yanapigwa siku hiyo. Anafika alfajiri na kuondoka jioni, na filamu moja imeingia kwenye orodha yake.

Mtu wa namna hiyo akipata filamu 30 kwa mwaka, siku mbili kila moja, amesimama mbele ya kamera siku 60. Malipo yake pia ni ya siku 60. Siku zilizobaki anahudhuria majaribio ya kuwania nafasi, anasubiri simu au anafanya kazi nyingine, na hapo ndipo ugumu halisi wa maisha haya ulipo. Orodha za mtandaoni nazo huchanganya filamu fupi, vipindi vya televisheni na kazi za sauti. Mwaka unaoandikwa ni wa kutoka kwa filamu, si wa kupigwa, ndiyo maana mwigizaji huonekana "amefanya filamu tano mwaka huu" ilhali mbili kati yake zilikaa kabatini miaka mitatu.

"Sehemu ndogo ni ya wanaoanza"

Sidede Onyulo, Mkenya aliyetoka kwenye jukwaa la maigizo, aliigiza Owuor, mpishi, katika filamu ya Kijerumani *Nowhere in Africa* ya 2001. Filamu hiyo ilishinda Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni mwaka 2003. Hakuwa stelingi, lakini mtoto wa familia ya wageni inayosimuliwa humo anaijua Kenya kupitia kwa Owuor. Mtoe Owuor, na filamu inabaki hadithi ya wageni wanaolalamikia jua.

Joseph Olita ni mfano wa upande mwingine. Aliigiza Idi Amin mwaka 1981 katika filamu kuhusu dikteta huyo, na miaka kumi baadaye akaitwa kumwigiza tena, kwa muda mfupi tu, katika *Mississippi Masala*. Watu husema mwigizaji hukwama kwenye sura moja kwa kukosa kipaji. Si kweli. Mtayarishaji mwenye siku chache hununua kitu alichokwisha kukiona kikifanya kazi, na anayetaka kuvunja mzunguko huo lazima akatae kazi za kulipa kodi ya nyumba. Wachache wana uwezo huo, na si haki kuwalaumu wasiokuwa nao.

"Filamu ni rahisi kuliko jukwaa, ukikosea unarudia tu"

Hii ndiyo dhana inayowaangusha waigizaji wazuri wa jukwaani. Kurudia ndiko kugumu.

Tuchukue tukio la dakika moja: watu wawili wanakunywa chai na mandazi mezani, wanagombana juu ya shamba. Kamera inaanza kwa mbali ikiwaona wote. Kisha inasogea nyuma ya bega la mmoja, kisha la mwenzake, kisha uso wa mmoja, kisha uso wa mwingine. Hizo ni pembe tano. Kila pembe ikirudiwa mara tatu au nne, tukio la dakika moja limechezwa mara 15 hadi 20. Mhariri atachukua sekunde nne hapa, sekunde sita pale, na kuziunga. Kama kwenye pembe ya kwanza uliinua kikombe kwa mkono wa kulia uliposema "baba", na kwenye ya nne ukakiinua kwa kushoto uliposema "shamba", vipande haviungani. Uigizaji wako bora kabisa unatupwa kwa sababu ya kikombe.

Aliyezoea huamua mapema. Chai inatiwa theluthi ya kikombe, na mara nyingi midomo inagusa tu bila kumeza, maana vikombe 20 vya chai ya maziwa havikai tumboni. Mandazi anayakata kwa vidole, kipande kidogo mno, na anakitia kinywani mwake wakati mwenzake anasema, ili zamu yake ifike kinywa kikiwa kitupu. Yule anayetunza mfululizo, yaani anayehakikisha vitu vinafanana katika kila marudio, anapiga picha ya sahani kabla ya kila marudio, na mandazi mapya yanawekwa. Ndiyo maana tukio la mandazi mawili hununuliwa mandazi 30. Mgeni huuma kubwa kwenye marudio ya kwanza ili aonekane wa kawaida, kisha analazimika kuuma vile vile mara 19 zaidi.

Kwenye pembe za uso peke yake kuna kanuni nyingine: usimkanyagie mwenzako maneno. Sauti zenu zikigongana, mhariri hawezi kuzitenganisha. Mnagombana kwa hasira kamili, lakini baina ya sentensi na sentensi kuna upenyo wa pumzi moja. Mhariri ataufunga.

Halafu lenzi. Kwa lenzi ya milimita 85 ambayo tundu lake la mwanga limefunguliwa sana, hadi f/1.8, kwenye kamera yenye kihisi (kipande kinachopokea picha) kikubwa, ukiwa mita 2 kutoka kwake, eneo linaloonekana kwa ukali ni kama sentimita 6. Ukiegemea mbele kwa upana wa kiganja, macho yanaingia ukungu. Utepe uliobandikwa sakafuni si pambo, na huruhusiwi kuutazama. Unapiga hatua kinyumenyume kutoka kwenye alama wakati wa mazoezi, unahesabu hatua, kisha unazirudia kwenda mbele.

Nairobi ina mambo yake. Jua huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na adhuhuri linasimama karibu utosini, hivyo paji la uso linatia kivuli machoni na mwigizaji anaonekana ana mashimo mawili meusi. Picha za uso za nje hupigwa kabla ya saa nne au baada ya saa tisa, au chini ya kitambaa cheupe kilichotandazwa juu. Mwezi wa Julai mawingu hukaa hadi mchana. Tukio lililoanza chini ya wingu halimaliziki kwenye jua, basi lazima uhifadhi hasira au kilio kwa saa mbili ukingoje wingu lirudi. Ukiigizia Lang'ata au South C, ndege ndogo za uwanja wa Wilson zitakukatiza katikati ya sentensi. Mtu wa sauti anainua mkono, kila mtu ananyamaza pale alipo, ndege inapita, mnaendelea. Anayeshuka moyo kwa mambo hayo hatadumu, hata awe na kipaji gani.

"Machozi ya kweli ndiyo uigizaji wa kweli"

Machozi ya kweli huja mara mbili au tatu, kisha hukauka, na bado kuna pembe mbili. Kijiti cha mentholi hupakwa chini ya jicho, kwenye mfupa, na huchukua kama dakika moja kufanya kazi. Kikipakwa karibu na kope, jicho linakuwa jekundu na halifanani tena na picha za mwanzo. Tone la gliserini hutumika kwa chozi lililokwisha kufika shavuni. Hakuna udanganyifu hapo: mtazamaji huamini pumzi na sauti kabla hajaamini maji.

"Lupita aliokotwa tu"

Lupita Nyong'o alipata Oscar Machi 2014. Kabla ya hapo alifanya kazi nyuma ya kamera kwenye *The Constant Gardener*, iliyopigwa Kenya na kutoka 2005, akaigiza katika tamthilia ya *Shuga* mwaka 2009, akaongoza filamu ya maisha ya watu wenye ualbino, kisha akasoma uigizaji Yale hadi 2012. Hiyo ni karibu miaka kumi.

"Filamu ikirudiwa kuonyeshwa, unalipwa tena"

Marekani ndivyo ilivyo, na haikutolewa kwa hisani: waigizaji waligoma mwaka 1960 ndipo wakapata mgawo filamu zinapopelekwa kwenye televisheni. Nairobi, mikataba mingi ni ya malipo ya mara moja. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamtambua mwigizaji kuwa na haki juu ya onyesho lake, lakini sahihi moja inaweza kuiachilia haki hiyo. Anayekudai ada ili ufanye majaribio, mkatae. Wakala wa kweli huchukua sehemu yake, kwa kawaida asilimia 10 hadi 20, baada ya wewe kulipwa.

Kwenye mkataba tafuta idadi ya siku na saa za kila siku, malipo ya saa za ziada, kama kiasi kilichoandikwa ni kabla au baada ya kodi ya zuio (ile inayokatwa kabla hujalipwa), na jina lako litaandikwa wapi. Kisha tafuta kifungu cha siku za marudio, ambacho wengi hukiruka. Mtayarishaji anaweza kukuita tena miezi miwili baadaye kwa picha moja iliyokosekana, na sura yako lazima iwe ile ile. Kama kifungu hicho hakina tarehe ya mwisho wala malipo, umejifunga usinyoe ndevu wala kusuka nywele, bila shilingi, huku filamu nyingine mbili zikikutaka kipara.