Mkaguzi wa umma hutazama nini serikali inapouza mali na mikopo?

Benki zikielemewa, serikali huweza kuchukua mikopo chechefu, yaani isiyolipwa ipasavyo, pamoja na majengo na viwanja vilivyowekwa rehani, ikamkabidhi wakala maalumu aviuze taratibu. Ireland ilifanya hivyo. NAMA, wakala iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2009, ilichukua mikopo ya yuro bilioni 74 na kuilipia yuro bilioni 31.8. Sheria hiyohiyo ikamtaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu atoe taarifa kila baada ya miaka mitatu kuhusu maendeleo ya wakala.

Kazi za mkaguzi ni mbili, na watu huzichanganya. Ukaguzi wa hesabu huuliza kama fedha zilizoandikwa ndizo zilizoingia. Ukaguzi wa thamani ya fedha huuliza kama kuuza kwa bei ile, wakati ule, kwa njia ile, kulikuwa na manufaa kwa umma. Vitabu vinaweza kuwa safi kabisa na mali ikawa imeuzwa kwa bei ya kutupa.

Kwa hiyo mkaguzi hudai mihtasari ya vikao, ripoti za wathamini na faili za zabuni. Nani alialikwa? Alipewa muda gani? Kuna mshauri aliyekuwa na maslahi pande zote mbili?

Ugomvi mkubwa, hata hivyo, huwa juu ya tarakimu moja: kiwango cha punguzo, yaani asilimia inayotumika kugeuza fedha za kesho kuwa thamani ya leo. Milioni 100 zitakazolipwa baada ya miaka mitano, kwa asilimia 5, leo ni kama milioni 78. Kwa asilimia 10 zinashuka hadi 62. Mali haijaguswa, mdaiwa ni yuleyule, ila milioni 16 zimeyeyuka kwenye karatasi. Mimi ningeanza kusoma taarifa yoyote ya mauzo hapo.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Project Eagle, mikopo ya wadaiwa wa Ireland Kaskazini ambayo NAMA iliiuzia kampuni ya Cerberus mwaka 2014, kima cha chini cha bei kikiwa kimewekwa kuwa pauni bilioni 1.3. Taarifa ya mkaguzi ya mwaka 2016 ilitumia asilimia 5.5, kiwango cha kawaida cha NAMA yenyewe, ikaona kwamba huenda umma ulipoteza hadi pauni milioni 190. NAMA ilikataa katakata: mnunuzi wa mzigo wa namna hiyo, ilisema, hudai faida ya asilimia 10 au zaidi.

Kulinganisha bei na deni lililoandikwa hakusaidii sana. Mwaka 2017 Uingereza iliuza mikopo ya wanafunzi ya pauni bilioni 3.5 kwa bilioni 1.7. Inashtua, mpaka ukumbuke kwamba mkopaji wa aina hiyo hulipa kulingana na kipato chake, na deni linalobaki mwishoni hufutwa.

Mkaguzi hana rungu. Hatengui mauzo wala hamfungulii mtu mashtaka; hupeleka taarifa bungeni. Kuhusu Project Eagle, kamati ya bunge ya hesabu za umma iliwahoji wahusika, na mwezi Machi 2017 ikasema mkakati wa kuuza ulikuwa na kasoro kubwa. Mauzo yalibaki yalivyo.