Muda wa Skrini kwa Watoto: Maswali ya Wazazi Kuhusu Programu za Bure

Mtoto anafaa kukaa kwenye skrini kwa muda gani?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto ambaye hajafikisha miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini. Wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni heri. Kwa wa shule shirika hilo halikutaja kiwango kimoja, kwa hivyo sisi tunashauri uanze kuhesabu kutoka kwenye usingizi.

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Anayeamshwa saa kumi na moja na nusu alfajiri pale Kaptembwo ili awahi shule lazima awe amelala saa mbili na nusu usiku, na hapo amepata saa 9 tu. Mwanga wa skrini huchelewesha usingizi, na mchezo wa kusisimua huuchelewesha zaidi. Simu iwekwe kando saa moja kabla, yaani saa moja na nusu usiku. Ukishalinda usingizi, kazi ya shule na kucheza nje, muda unaobaki kwa skrini utauona mwenyewe, na mara nyingi ni mchache.

Ni programu ipi ya bure inayotosha kudhibiti muda huo?

Kwa Tecno, Infinix, Samsung na simu nyingine za Android, tumia Family Link ya Google. Kwa iPhone, Screen Time imo ndani ya simu tangu 2018, huna haja ya kupakua kitu. Kompyuta ya Windows ina Microsoft Family Safety.

Zote tatu zimetengenezwa na wenye mfumo wenyewe, ndiyo maana tunazitanguliza. Programu za watu wengine hulazimika kuomba ruhusa nzito ili zifanye kazi: kusoma kila kinachoonekana kwenye skrini, kufungua ujumbe, kusimamia simu nzima. Ukiipa kampuni usiyoijua ruhusa hizo, umeikabidhi picha za mwanao, mahali alipo na maneno anayoandika. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka mzazi aridhie kabla data ya mtoto haijatumiwa, na kampuni huenda ikakichukulia kile kitufe cha "nakubali" unachobonyeza bila kusoma kuwa ndiyo ridhaa yako. Kataa kabisa programu iliyotumwa kwa WhatsApp au Xender, na ile ya "bure" inayodai namba ya kadi siku ya kwanza.

Family Link inawekwaje?

Pakua Family Link kwenye simu yako, ingia kwa Gmail yako, kisha ongeza mtoto. Kama hana akaunti, mfungulie hapo hapo kwa tarehe yake halisi ya kuzaliwa. Halafu chukua simu yake, ingia Mipangilio, Google, kisha udhibiti wa wazazi, na ufuate maelekezo. Tenga nusu saa na bando la kutosha, maana simu itapakua masasisho katikati ya kazi.

Weka mambo matatu: muda wa kulala, kikomo cha siku, na ruhusa yako kabla ya kupakua programu yoyote mpya. Simu husoma saa za kizungu. Saa moja na nusu usiku iandike 19:30; ukiandika 1:30 itafunga saa saba na nusu. Programu ya masomo na ya kupiga simu ziruhusiwe muda wote.

Kosa tunalolikuta mara nyingi huanzia dukani. Muuzaji wa simu alimfungulia mtoto Gmail haraka haraka kwa mwaka wowote wa kuzaliwa, na Google inamwona ni mtu mzima. Hifadhi picha na namba, ondoa akaunti hiyo, uanze upya kwa akaunti ya mtoto. Kijana aliyekwisha kufikisha miaka 13 na ana akaunti yake lazima akubali mwenyewe kusimamiwa, hivyo zungumza naye kabla ya kuishika simu.

Simu ni moja, na ni yangu. Nifanyeje?

Hii ndiyo hali ya nyumba nyingi, Nyalenda hadi Bungoma, na Family Link haikufai hapo kwa sababu itakufungia wewe. Tumia kubandika programu, yaani kuifanya simu ibaki kwenye programu moja tu. Ingia Mipangilio, upande wa usalama, utafute kubandika programu; usipoiona, iandike kwenye kisanduku cha kutafuta cha Mipangilio. Iwashe, na uwashe pia kipengele cha kudai PIN kabla ya kubandua. Bila hicho, mtoto atatoka kwa kushikilia vitufe viwili tu, na atavigundua siku hiyo hiyo.

Kisha fungua anachotaka kutazama, ingia kwenye orodha ya programu zilizo wazi, gusa alama yake juu, chagua kubandika. Sasa hawezi kuingia kwenye ujumbe wako wala M-Pesa. Kumbuka kwamba ndani ya YouTube bado anaweza kuruka kutoka video hadi video, hivyo zima uchezaji wa kujiendesha. iPhone ina kitu cha namna hiyo, Guided Access, nacho hukuruhusu kuweka dakika.

Kwenye Play Store, washa uthibitisho wa kila ununuzi. Michezo ya watoto imejaa vitufe vya kununua sarafu na nyota, na kama umeunganisha njia ya malipo, pesa ni zako.

Nimeweka vikomo, lakini bado anapita. Kwa nini?

Huenda anaijua PIN yako, ibadilishe asipokuwapo. Huenda ana vifaa viwili: kikomo cha Family Link huhesabiwa kwa kila kifaa, hivyo saa moja ya simu na saa moja ya tableti ni saa mbili. Huenda mwenzake amemtumia mchezo kwa Xender. Zima ruhusa ya kuweka programu kutoka nje ya Play Store. Programu uliyoikubali zamani nayo haitaomba ruhusa tena akiipakua upya.

Vipima muda vya Android vilivyomo ndani ya simu, vile vinavyoonyesha umetumia kila programu dakika ngapi, mtoto huvizima mwenyewe. Hivyo ni vya kumsaidia mtu mzima anayejidhibiti.

Bando likiisha?

Vikomo vilivyokwisha kuwekwa hubaki. Mabadiliko mapya ndiyo hayafiki hadi simu yake iingie mtandaoni. Ukitaka kuifungua bila mtandao, Family Link hukupa msimbo wa mzazi unaouandika kwenye simu ya mtoto.

Nitaona jumbe zake za WhatsApp?

La. Family Link haisomi jumbe, na kwa maoni yetu ni vyema. WhatsApp na TikTok zenyewe zinataka mtumiaji awe na miaka 13. Aliye chini ya hapo usimruhusu kuzipakua. Mtoto akitishwa au akiombwa picha za uchi, usifute kitu, na upige 116, namba ya bure ya kusaidia watoto nchini.

Na macho?

Kila dakika 20, atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Kucheza nje mchana husaidia kuchelewesha tatizo la kutoona mbali. Mtoto akikodoa macho, akisogelea ubao, au akilalamika kichwa baada ya skrini, mpeleke apimwe katika hospitali ya kaunti, au Hospitali ya Macho ya Sabatia iliyoko Vihiga.