Medali ya Dalai Lama: Bush hakuitoa mfukoni

Ipo picha ya tarehe 17 Oktoba 2007 ambayo haiishi kuzunguka: Rais George W. Bush akiwa ukumbini, ndani ya jengo la Bunge la Marekani, pamoja na Dalai Lama wa 14, kiongozi wa Kibudha kutoka Tibet, katika joho lake la kitawa. Kila ikizuka, maneno ya chini yake ni yaleyale: "Bush alimtunuku."

Kazi ya Bush ilikuwa kutia saini. Medali ya Dhahabu ya Bunge haitolewi na rais. Hutolewa kwa sheria. Muswada wa kumtunuku Dalai Lama uliwasilishwa Seneti na Dianne Feinstein wa Democratic na Craig Thomas wa Republican, yaani mahasimu wa vyama. Katika Baraza la Wawakilishi waliubeba Tom Lantos, aliyenusurika mauaji ya Wayahudi huko Hungary, na Ileana Ros-Lehtinen. Miswada ya aina hii hutakiwa kuungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge hata kabla ya kujadiliwa, kwa hiyo si jambo la urafiki wa Ikulu. Bush aliusaini tarehe 27 Septemba 2006. Nishani ambayo rais hutoa kwa hiari yake ni nyingine kabisa, Medali ya Uhuru ya Rais, na hata waandishi wa habari huzichanganya.

Wengine husema kwa sheria ile Marekani iliitambua Tibet kuwa nchi huru. Hapana. Sheria iliagiza medali itengenezwe, basi. Washington iliendelea kuihesabu Tibet kuwa sehemu ya China, kama ilivyokuwa kabla. Dalai Lama mwenyewe, aliyekimbilia India mwaka 1959, ameshaacha siku nyingi kudai uhuru kamili; anachoomba ni mamlaka ya ndani chini ya China, msimamo anaouita njia ya kati. Mbona basi Beijing ilighadhibika? Nionavyo mimi, dhahabu haikuwauma sana. Kilichouma ni rais aliye madarakani kuonekana naye hadharani, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Marais waliotangulia walikutana naye faragha.

Halafu kuna hili la kumwita Dalai Lama "Papa wa Wabudha". Ubudha hauna Papa. Yeye anatoka madhehebu ya Gelug, mojawapo ya madhehebu ya Tibet, na hata hayo mkuu wake rasmi ni mwingine, Ganden Tripa. Mtawa wa Sri Lanka au Thailand hapokei amri kutoka kwake. (Papa halisi, Yohane Paulo II, naye alipewa medali hiyohiyo, na Mama Teresa pia.)

Pesa? Hakuna. Tuzo ya Amani ya Nobel aliyopewa Dalai Lama mwaka 1989 ndiyo iliyokuja na fedha. Hii ni kipande cha dhahabu tu, na nakala zake za shaba huuzwa kwa yeyote anayetaka.

Wala heshima hii haifungui mipaka. Nelson Mandela alitunukiwa medali hiyo mwaka 1998. Mwaka 2009 Dalai Lama alialikwa Johannesburg kwenye mkutano wa amani wa washindi wa Nobel, lakini serikali ya Afrika Kusini, nchi ya Mandela, ikamnyima viza. Mwaka 2011 Askofu Desmond Tutu akamwalika kwenye sherehe ya yeye Tutu kutimiza miaka 80. Viza haikutoka kwa wakati, akafuta safari.