Paka mwenye FIV: si kila aliyekutwa na virusi huanzishiwa dawa

Malalamiko yanayotufikia siku hizi yanafanana: paka amepimwa, amekutwa na virusi vya upungufu wa kinga, yaani FIV, kisha daktari hakumwandikia dawa. Mwenye paka anauliza kwa nini amenyimwa.

Hajanyimwa. Paka mwenye FIV anayekula vizuri, asiyepungua uzito na mwenye kinywa kizima hahitaji dawa ya kufubaza virusi. Anahitaji kuhasiwa, kukaa ndani asing'atane na wenzake, na kuchunguzwa angalau mara mbili kwa mwaka. Wengi huishi hivyo miaka mingi.

Dawa iliyochunguzwa zaidi kwa paka hawa ni zidovudini, ile iliyoidhinishwa Marekani kwa watu wenye VVU mwaka 1987. Tunaifikiria paka anapokuwa na uvimbe sugu wa fizi na kinywa, au dalili za ubongo na mishipa ya fahamu. Inaweza kumpa nafuu kubwa, lakini virusi havimtoki mwilini. Wanaotuuliza "atapona lini?" wanatuuliza jambo ambalo dawa hii haikuahidi.

Utaratibu ni huu. Kabla ya dozi ya kwanza hupimwa chembe za damu, figo na ini. Dozi ya kawaida ni miligramu 5 hadi 10 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 12, na hupunguzwa figo zikiwa dhaifu. Damu hurudiwa kila wiki kwa mwezi wa kwanza, halafu kila mwezi, maana zidovudini inaweza kuudhoofisha uboho ukashindwa kutengeneza chembe nyekundu. Hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ikishuka chini ya asilimia 20, dawa husimamishwa. Paka ambaye uboho wake tayari una hitilafu haanzishiwi kabisa. Na kwa kuwa dawa yenyewe imetengenezwa kwa ajili ya binadamu, mwenye paka huelezwa madhara yake na kutia saini kwenye faili. Asiyeleta paka kupimwa damu haandikiwi cheti kingine, hata akipiga simu mara kumi. Daktari anayeandika dawa bila kumwona mnyama anachezea leseni yake.

Kuhusu vidonge vya ARV vya ndugu au jirani: tafadhali, hapana. Efavirenzi na nevirapini hulenga kimeng'enya cha VVU vya aina ya kwanza na hazifanyi kazi dhidi ya FIV, kwa hiyo paka atabaki na madhara tu, na mgonjwa mwenye vidonge vyake atakosa dozi.

Wengine huja na jina la GS-441524 na hesabu ya siku 84. Hiyo ni tiba ya FIP, ugonjwa unaoletwa na virusi vya korona vya paka. Herufi moja tu ndiyo tofauti, lakini ni ugonjwa mwingine kabisa, kwa hiyo njoo na karatasi ya majibu badala ya kutusomea kwa kumbukumbu.

Tena tazama umri ulioandikwa hapo. Paka aliyepimwa kingamwili kabla ya kutimiza miezi 6 anaweza kuwa amebeba kingamwili za mama yake, bila virusi vyovyote. Huyo hurudiwa kipimo akishavuka umri huo, na habari ya dawa husubiri majibu mapya.