Daftari la presha si la daktari peke yake

Mama mmoja muuza ndizi wa Kiboriloni alikuja kliniki yetu hapa Moshi na daftari lake limo ndani ya mfuko wa nailoni, safi kama jipya. Miaka mitatu analitunza, hajawahi kulisoma. "Hayo si maandishi yenu, dokta?" Nikamwomba tulifungue pamoja.

168/102. Mwezi uliofuata 150/94, kisha 134/82. Halafu miezi minne hakuna kitu. Kisha 172/104. Katika miezi hiyo minne aliacha vidonge. "Si mliniambia imeshuka?"

Tulimwambia, kweli. Hatukumwambia kwamba ni dawa iliyoishusha na ndiyo inayoishikilia. Hapo kosa letu. Presha haiponi kama malaria, na wengi haiwaumi popote. Anayengoja kichwa kiume ndipo ameze kidonge, wengine tunawapokea mdomo umeshapinda kwa kiharusi.

Basi jifunze kusoma namba zako. Ya juu ni msukumo wa damu moyo unapokamua, ya chini unapolegea. Ikifika 140 juu au 90 chini, tena ikajirudia siku nyingine, hiyo ni presha. Kabla ya kupimwa kaa dakika 5, egemea, usipandanishe miguu, mkono uwe mezani usawa wa moyo. Ukipimwa umetoka kutua mkungu sasa hivi, mashine itakudanganya.

Dawa nazo zina vituko vyake, na watu huziacha kimyakimya. Amlodipini huweza kuvimbisha miguu. Kaptopili na enalapili huweza kuleta kikohozi kikavu. Za kukojoza, mama wa sokoni huziruka siku ya gulio kwa kuwa choo kiko mbali, na simlaumu. Sema! Dawa hubadilishwa, hata saa ya kumeza hupangwa upya. Kama unameza siku moja unaruka moja ili vidonge vifike mwisho wa mwezi, sema pia. Mara nyingi ipo ya bei nafuu zaidi.

Na zile jumbe za simu za limau na kitunguu saumu (shangazi yangu hunitumia kila wiki)? Kula, ni chakula. Ila unaosema "achana na dawa za hospitali", ufute.

Mama yetu sasa husomewa daftari na mjukuu wake wa darasa la sita. Mara ya mwisho alikuja na 146/88, mtoto kaizungushia duara kwa peni nyekundu. Akauliza: "Dawa nameza, chumvi nimepunguza. Hii ya juu inagoma nini?"

Nikamuuliza kuhusu kiburu, kile chakula cha ndizi na maharage. Anapika karibu kila siku, na magadi anatia ya kutosha ili maharage yalainike haraka. Magadi yana sodiamu, ileile iliyo kwenye chumvi. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka: "Kumbe nilikuwa natoa kwa mkono huu, narudisha kwa huu." Tukakubaliana aloweke maharage usiku kucha, magadi apumzike, na arudi baada ya mwezi na daftari.